Rangi Iliyozimuliwa: Kanvasi za Mark Rothko Zilivyojengwa

Fundi rangi yeyote wa nyumba atakwambia: ukizidisha thina, rangi haishiki. Itateleza vizuri kwenye brashi na kutandaa bila kukwaruza, lakini ikishakauka inakuwa chaki. Ukipitisha kiganja ukutani unaondoka na unga. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, alilijua hilo, na bado kwa takriban miaka ishirini alizimua rangi zake hadi zikakaribia kuwa maji. Ile mistatili yake inayoelea, ambayo watu husimama mbele yake kimya na wengine hulia, imejengwa kwa rangi ambayo kwa kanuni za ufundi ni dhaifu. Uzuri wake na udhaifu wake vimetoka kwenye kopo moja.

Naanza na ufundi kwa sababu mazungumzo kuhusu sanaa dhahania, ile isiyochora kitu kinachotambulika, kwetu huishia haraka kwenye "hii hata mtoto anaweza", au kwa upande wa pili, kwenye maneno makubwa ya roho na ulimwengu. Pande zote mbili zinairuka kanvasi yenyewe. Ukiisogelea na kuitazama ukingoni, pale rangi inapozunguka kuelekea ubavuni, utaona matone, mikwaruzo ya brashi, na tabaka la chini likichungulia kupitia la juu. Hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Maisha yake ya mwanzo nayapitia haraka. Alizaliwa tarehe 25 Septemba 1903 mjini Dvinsk, wakati huo ndani ya Dola ya Urusi, leo Daugavpils nchini Latvia, akiitwa Marcus Rothkowitz. Baba yake alikuwa mfamasia. Mwaka 1913 alivuka na mama yake kwenda Portland, Oregon, walikotangulia baba na kaka zake; baba akafariki miezi michache baadaye. Mwaka 1921 aliingia Chuo Kikuu cha Yale, 1923 akaacha bila kumaliza, akaenda New York. Huko akasoma kwa muda katika Art Students League, kwenye darasa la mchoraji Max Weber. Jina la Mark Rothko alilichukua mwaka 1940.

Linalonigusa zaidi ni urefu wa safari. Kuanzia 1929 alifundisha watoto kuchora katika shule moja ya Kiyahudi huko Brooklyn, akaendelea hadi 1952. Mtindo tunaomtambua nao ulikamilika kati ya 1949 na 1950, akiwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya hapo alichora watu warefu wembamba kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, kisha visa vya kale vya Ugiriki, kisha viumbe vinavyofanana na wadudu wa baharini. Katikati ya miaka ya 1940 alitumia sana rangi za maji kwenye karatasi, na nadhani hapo ndipo mkono wake ulipofunguka. Rangi ya maji humlazimisha mchoraji kuuacha weupe wa karatasi ufanye kazi ya mwanga. Alipoirudia rangi ya mafuta, aliitaka nayo itende hivyo hivyo.

Kati ya 1946 na 1949 viumbe vikayeyuka. Yakabaki mabaka ya rangi yasiyo na umbo la kitu chochote, mengi kwenye kanvasi moja, yakisukumana. Mwaka 1949 jumba la makumbusho la MoMA mjini New York lilinunua mchoro wa Matisse wa mwaka 1911, chumba chake cha kazi kikiwa kimefunikwa chote na nyekundu moja, na Rothko akawa anarudi kuutazama tena na tena. Mabaka yake yakaanza kupungua: kumi, matano, matatu, mawili. Anayedhani mistatili miwili ni kazi ya mchana mmoja ahesabu kwanza miaka aliyotumia kuondoa visivyohitajika.

Sasa tuingie kwenye kopo.

Rothko alifanya kazi peke yake kwa sehemu kubwa na hakupenda kueleza mbinu zake. Mengi tunayoyajua yametoka kwa wasaidizi wake wa miaka ya mwisho, na kwa wahifadhi wa majumba ya makumbusho waliochunguza vipande vidogo vya rangi. Msingi ulikuwa kitambaa kizito cha pamba kilichotandikwa kwenye fremu ya mbao. Mchoraji wa kawaida wa rangi za mafuta angekipiga kwanza gundi, kisha praima nyeupe, ili mafuta yasile uzi. Rothko aliiacha praima nyeupe. Alichukua gundi ya ngozi ya sungura, akaikoroga pamoja na rangi ya unga, akaipaka ikiwa ya moto moja kwa moja kwenye pamba. Kanvasi ilianza maisha yake ikiwa tayari imekolea, mara nyingi nyekundu iliyoiva au damu ya mzee.

Kwa anayetaka kujaribu, gundi hiyo huuzwa kama chembe kavu. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 70 hivi kwa lita moja ya maji. Loweka usiku kucha hadi chembe zivimbe, kisha weka chombo ndani ya sufuria ya maji moto na upashe taratibu, isizidi nyuzi 60. Isichemke hata kidogo, kwa sababu protini yake ikivunjika gundi inapoteza nguvu na huna namna ya kuirudisha. Unga wa rangi usiumwage mkavu ndani ya gundi, utaelea na kufanya madonge. Uroweke pembeni kwa maji kidogo hadi uwe kama uji mzito, ndipo uuchanganye. Vaa barakoa, unga wa baadhi ya rangi, hasa zenye kadimiamu, si wa kuvuta puani.

Shida ya kwanza hujitokeza hapa. Gundi ikipoa inaganda kama jeli. Kanvasi ikiwa ya mita mbili na mtu yuko peke yake, upande aliouanza utakuwa umeshaganda kabla hajafika wa pili, na mahali mkono mpya wa rangi unapokutana na wa zamani patabaki mstari usiofutika. Ndiyo maana kwenye kanvasi kubwa za miaka ya 1960 wasaidizi wake walipaka kwa kasi na kwa pamoja, gundi ikiwa bado ya moto, kwa brashi pana kama zile za kupakia kuta.

Ya pili inawahusu hasa wa pwani. Gundi ya ngozi hunywa unyevu wa hewa. Masika kanvasi inalegea, kiangazi inakaza kama ngoma, na rangi iliyo juu yake inavutwa huku na huku mpaka ipasuke. Isitoshe, mende huipenda. Anayefanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja atumie midiamu ya akriliki, yaani ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, badala ya gundi. Hataupata mng'ao ule ule wa ndani, lakini kazi itadumu.

Juu ya msingi huo zilikuja rangi za mafuta zilizozimuliwa kwa tapentaini. Kwa majaribio, kijiko kimoja cha rangi ya tyubu kwa vijiko vitano au sita vya tapentaini kitakuonyesha jinsi inavyotenda: haikai juu ya kitambaa, inazama. Linganisha na mchoro wa Tingatinga, ambapo enameli ya nyumba imekaa juu ya hadibodi, imeshiba mafuta, inang'aa. Ya Rothko imeingia kwenye uzi kama rangi ya batiki. Mwanga unapoifikia hupita matabaka kadhaa membamba, hugonga yaliyo chini, na kurudi ukiwa umebeba rangi za yote uliyoyapitia. Jicho linaona kitu kimoja, lakini kinachowaka kwa ndani. Rangi nzito ya mkono mmoja haiwezi kufanya hivyo hata ukiichanganya kwa ustadi gani.

Mistatili ilijengwa mkono juu ya mkono kwa namna hiyo, na kingo zake ziliachwa zikiwa zimesuguliwa na kuchakaa kidogo, bila mstari wa kisu. Ukingo mkali hukata: hii hapa, ile pale. Ukingo uliolegezwa humfanya mtazamaji asijue mstatili uko mbele ya mandharinyuma au nyuma yake, na kutokujua huko ndiko kunakoufanya uonekane unaelea. Aliongeza hila nyingine: rangi mbili tofauti zenye mwangaza unaokaribiana sana, kwa mfano nyekundu na rangi ya chungwa, au zambarau juu ya damu ya mzee. Ukizipiga picha ya nyeusi na nyeupe karibu hutaziona zikitengana. Kwa rangi kamili, macho hayatulii.

Baadhi ya kanvasi zake zina matone yaliyotiririka kwenda juu. Maana yake ni kwamba katikati ya kazi aliigeuza, akapaka, akaigeuza tena. Msomaji anayejifunza achukue hilo kama zana ya bure: geuza kanvasi kichwa chini kila baada ya mkono mmoja au miwili, utaona uzito umekaa wapi. Muda mwingi uliobaki alikaa kwenye kiti, anatazama. Saa za kutazama zilizidi saa za kupaka, na mtu anayezihesabu hizo kama uvivu hajawahi kujaribu kuamua kama mstatili upungue upana wa vidole viwili.

Halafu kuna yai. Rothko aliongeza mayai mazima, ute na kiini, kwenye mafuta, pamoja na utomvu wa damari. Damari ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, na kazi yake ni ile ile ambayo sandarusi ya Mrima na Unguja ilifanya kwenye vanishi za Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Yai huifanya rangi ikauke upesi, kwa hiyo mkono unaofuata hauutifui ule wa chini. Damari huleta mng'ao. Kwa kubadilisha vipimo vya yai, damari, mafuta na tapentaini, alipata kutoka kwenye nyeusi moja nyeusi mbili: moja inameza mwanga, nyingine inaurudisha. Katika kanisa dogo la Houston, Texas, lililoagizwa na wakusanyaji wa sanaa John na Dominique de Menil mwaka 1964, kuna kanvasi kumi na nne, na zile zenye mistatili myeusi zinategemea hilo karibu peke yake. Anayeingia na kutoka kwa dakika tatu ataripoti ameona ubao mweusi. Anayekaa nusu saa ataona zambarau ikipanda kutoka ndani na mipaka ya mistatili ikijitenga kwa mng'ao tu, bila tofauti kubwa ya rangi. Rothko alizichora New York kwenye jengo la zamani la kuwekea magari ya farasi, akatundika parashuti chini ya dirisha la paa ili kuutawala mwanga. Alizimaliza mwaka 1967, na jengo likafunguliwa 1971 yeye akiwa ameshafariki.

Mwanga na mahali vilikuwa sehemu ya mchoro kwake. Kwa maonyesho kwenye ukumbi wa sanaa wa Whitechapel mjini London mwaka 1961 alituma maelekezo: kuta zisiwe nyeupe kabisa, taa zisiwe kali, na michoro mikubwa itundikwe karibu na sakafu, ikiwezekana isizidi inchi 6, yaani sentimita 15. Alitaka mtazamaji asimame karibu, kama sentimita 45, mpaka rangi imzunguke. Fremu hakutaka. Rangi iliendelea kuzunguka ubavu wa kanvasi, kwa hiyo fremu ingefunika sehemu ya kazi. Mnaoziona kwenye simu, tafadhali msizihukumu. Simu haina sentimita 266 kwa 457.

Vipimo hivyo ni vya moja ya kanvasi alizoanza mwaka 1958, alipopewa kazi ya kupamba mgahawa wa Four Seasons ndani ya Jengo la Seagram, New York. Alikodi ukumbi wa zamani wa mazoezi kwenye mtaa wa Bowery, akajenga kiunzi chenye vipimo vya chumba cha mgahawa ili aone kanvasi zitakavyokaa. Alichora takriban 30 kwa kazi isiyohitaji hata nusu yake. Mistatili iliyojaa ikafunguka katikati, ikawa kama madirisha yaliyozibwa. Baadaye alikwenda kula pale na mkewe, akatoka ameamua kazi zake hazitatundikwa juu ya sahani za watu wale, na fedha akarudisha. Kwangu huo ni uamuzi wa kiufundi pia: rangi inayohitaji ukimya na mwanga hafifu isingeonekana kwenye chumba cha vijiko na mazungumzo. Tisa kati ya kanvasi hizo alizitoa kama zawadi kwa jumba la makumbusho la Tate, London. Zilifika tarehe 25 Februari 1970, siku aliyojiua.

Miaka yake miwili ya mwisho ilibadilishwa na mwili. Mwaka 1968 mshipa mkuu wa moyo ulivimba na daktari akamkataza kazi zenye urefu unaozidi mita moja. Akageukia karatasi na akriliki, akafanya nyingi. Akriliki hukauka kwa dakika, haihitaji tapentaini, haihitaji kupanda ngazi. Karatasi aliibandika kwa utepe pembeni, na utepe ulipobanduliwa uliacha ukingo mweupe. Akaupenda, akauhamishia kwenye kanvasi za nyeusi juu ya kijivu za 1969. Mtu aliyetumia miaka ishirini kuiacha rangi izunguke ubavu bila kikomo sasa aliizungushia mpaka. Wanaosema kazi hizo ni barua za huzuni wanaweza kuwa sahihi; mimi naona kwanza fundi aliyepata zana mpya akafuata inakompeleka.

Sasa madhara ya kuzimua. Oktoba 2012 mtu mmoja aliandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye pembe ya kanvasi ya nyeusi juu ya damu ya mzee pale Tate. Kwenye mchoro wenye vanishi na rangi nzito, wino ungebaki juu. Hapa rangi ni nyembamba, haina vanishi, na chini yake ni pamba inayonyonya, kwa hiyo wino ulipita hadi nyuma ya kitambaa. Familia ya Rothko ilitoa kanvasi aliyoipaka msingi yeye mwenyewe miaka ya 1950, wahifadhi wakaifanyia majaribio ya viyeyushi hadi wakapata mchanganyiko wa ethaili laktati na alkoholi ya benzaili unaolegeza wino bila kuila rangi. Kazi yote ilichukua miezi 18, na mchoro ukarudi ukutani Mei 2014.

Harvard ni kisa kibaya zaidi, maana adui alikuwa jua tu. Rothko alikipa chuo hicho kanvasi tano kwa ajili ya ukumbi wa kulia, zikatundikwa 1964 kwenye chumba cha ghorofa ya juu chenye madirisha makubwa. Alitaka mapazia yafungwe. Waliokuja kula walipenda kutazama nje. Nyekundu aliyotumia, litholi, ni rangi inayochujuka upesi juani. Aliichanganya na buluu ya altramarini, ambayo haichujuki. Nyekundu ilipoondoka, buluu ikabaki, na kila kanvasi ikapauka kwa kiasi chake kulingana na ilivyochanganywa na jua lililoifikia. Mwaka 1979 zilikuwa zimeshaondolewa na kufungiwa gizani.

Kuzipaka upya haikuwezekana. Rangi yoyote mpya ingezama pamoja na ya zamani na isingetoka tena, na mng'ao ungebadilika milele. Mwaka 2014 chuo kilitumia projekta badala ya brashi: picha za 1964 zilizorekebishwa, pamoja na kanvasi ya sita ambayo haikuwahi kutundikwa pale, ziliwapa rangi ya asili. Kompyuta ikakokotoa tofauti nukta kwa nukta, zaidi ya nukta milioni mbili, na mwanga wenye rangi iliyopungua ukamiminwa juu ya kitambaa kilichopauka. Kila siku saa kumi jioni projekta zilizimwa mbele ya watazamaji.

Hakuna haja ya projekta kwa mtu anayepaka leo, kuna haja ya kipande cha kanvasi. Kabla ya kutumia nyekundu au zambarau yoyote usiyoijua, angalia kwenye tyubu daraja la kustahimili mwanga: kwa kipimo cha ASTM, shirika la viwango lenye asili ya Marekani, I au II zinafaa, kuanzia III achana nazo. Kama tyubu haisemi kitu, paka utepe wa rangi hiyo kwa unene wa kawaida, na wa pili ukiwa umeuzimua kama utakavyoutumia, kwa sababu tabaka jembamba huchujuka haraka kuliko nene. Funika nusu ya kila utepe kwa kadibodi nyeusi, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua la mchana, na uandike tarehe nyuma kwa penseli. Baada ya miezi mitatu fungua kadibodi.